Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Kinga ya Bakteria na Uhamishaji wa Jeni kwa Kuzingatia Kipindupindu Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale hupitia Lugulu, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Bungoma. Wengi hulifahamu jina hili kutokana na shule yake ya wasichana na hospitali ya Kanisa la Marafiki. Mto Nzoia, unaopokea maji kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, hupita Webuye ukielekea Mumias na Budalang'i hadi Ziwa Viktoria. Katika eneo kama hili, ambapo jamaa nyingi huteka maji katika chemchemi, visima na mito, maradhi ya kuhara si habari ya vitabuni. Ni jambo linalomfanya mzazi aamke usiku kutafuta usafiri.

Katika vyumba vya matibabu na katika maduka ya dawa ya sehemu hizi, maelezo ya ugonjwa hutolewa kwa Kiswahili au kwa Lubukusu. Aghalabu mgonjwa asiyepata nafuu huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba "mwili umezoea dawa." Kauli hii ni fupi na inaeleweka, lakini ina kosa. Kinachozoea dawa si mwili wa mgonjwa bali ni bakteria waliomo mwilini humo. Isitoshe, bakteria hao hawazoei kwa maana ya kujifunza polepole jinsi mtu anavyozoea baridi ya Kitale. Mara nyingi hupokea uwezo huo ukiwa tayari umekamilika, kwa kupewa jeni na bakteria wengine.

Makala haya yananuia kufafanua jinsi upokeaji huo wa jeni unavyotokea, na jinsi unavyozuiwa au kusaidiwa na jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwamba bakteria nao wana kinga yao. Mfano mkuu utakaotumiwa ni wa bakteria wa kipindupindu, ambaye historia yake ya karibuni inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwishoni makala yatarejea katika uwanja wa lugha na kuuliza iwapo istilahi zilizopo za Kiswahili zinaibeba maana hii ipasavyo.

2.0 Jeni Zisizongoja Uzazi

Katika wanyama na mimea tuliyoizoea, jeni hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Huu unaweza kuitwa urithi wa wima. Bakteria pia huurithi uzao wake jeni kwa njia hii anapojigawa mara mbili. Hata hivyo, yeye ana njia ya pili. Anaweza kupokea jeni kutoka kwa jirani ambaye si mzazi wake, na pengine hata si wa spishi yake. Huu ndio uhamishaji wa jeni wa mlalo.

Dalili ya kwanza iliyo wazi ilitolewa mwaka wa 1928 na Frederick Griffith, daktari wa Uingereza. Aliwadunga panya bakteria wa nimonia wasio na madhara pamoja na bakteria wakali waliokwisha kuuawa kwa joto. Panya walikufa, na ndani yao wakapatikana bakteria wakali walio hai. Kitu fulani kilikuwa kimetoka kwa wafu kikaingia kwa walio hai. Mwaka wa 1944, Oswald Avery na wenzake wawili, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, walionyesha kwamba kitu hicho ni DNA.

Tangu hapo njia tatu zimebainishwa. Ya kwanza ni hiyo ya Griffith: bakteria huokota DNA iliyoachwa na wenzake waliokufa. Ya pili, iliyogunduliwa na Joshua Lederberg na Edward Tatum mwaka wa 1946, ni ya kugusana: bakteria mmoja hujiunga na mwingine na kumpitishia nakala ya DNA. Mara nyingi kinachopitishwa ni plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu. Njia ya tatu, iliyoelezwa na Norton Zinder na Lederberg mwaka wa 1952, hutumia mjumbe. Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria, viitwavyo bakteriofaji au faji kwa ufupi. Faji anapotoka katika bakteria mmoja, huweza kubeba kipande cha jeni zake na kukiingiza katika bakteria mwingine.

Uzito wa jambo hili kwa tiba ulidhihirika nchini Japani katika miaka ya 1950. Madaktari waligundua kwamba bakteria wa kuhara damu, aitwaye Shigella, alikuwa sugu dhidi ya dawa kadhaa kwa mpigo, na kwamba usugu huo wote uliweza kupitishwa kwa bakteria mwingine kwa kugusana tu. Plasmidi moja ilibeba jeni za usugu kama kikapu kibebavyo bidhaa mbalimbali. Aliyepokea kikapu alipokea vyote vilivyomo.

3.0 Bakteria Nao Wana Kinga

Mlango ulio wazi humkaribisha rafiki na mwizi vilevile. DNA ngeni inayoingia katika bakteria inaweza kuwa ya faji ambaye atamwangamiza baada ya muda mfupi. Inaweza pia kuwa plasmidi inayotumia nishati ya mwenyeji bila kumfaa kitu. Kwa hivyo bakteria wamejiwekea walinzi wa aina nyingi. Tatu kati yake zinatosha kwa ufafanuzi huu.

Mlinzi wa kwanza hukagua alama. Bakteria huitia DNA yake alama ya kemikali katika sehemu maalumu. Kimeng'enya cha ulinzi huzunguka kikitafuta sehemu hizo, na kikikuta DNA isiyo na alama, huikata. Ulinzi huu ulianza kuonekana katika majaribio ya mapema ya miaka ya 1950, na utafiti wake ukawapa Werner Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans Tuzo ya Nobel mwaka wa 1978.

Mlinzi wa pili ana kumbukumbu. Huu ni mfumo uitwao CRISPR. Bakteria anaponusurika uvamizi, huweza kuchukua kipande kifupi cha DNA ya mvamizi na kukihifadhi katika kromosomu yake. Baadaye kipande hicho hunakiliwa kuwa RNA, ambayo huongozana na protini mithili ya mgambo aliyebeba picha ya mhalifu. Wakikutana na DNA inayofanana na picha, protini huikata. Zaidi ya hayo, kumbukumbu hii huandikwa katika kromosomu, hivyo uzao wote huirithi. Uthibitisho kwamba hii ni kinga ulitolewa mwaka wa 2007 na Rodolphe Barrangou na wenzake, waliokuwa wakichunguza bakteria anayetumiwa kugandisha maziwa kuwa mtindi. Viwanda vya maziwa vilihitaji bakteria asiyeuawa na faji, na katika kumtafuta huyo kinga hii ikabainika. Matumizi ya mfumo huo kama chombo cha kuhariri jeni yaliwapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020.

Mlinzi wa tatu ni mkali kuliko wote: hujitoa mhanga. Bakteria anapotambua kwamba amevamiwa, huanzisha mchakato wa kujiua kabla faji hajamaliza kuzaliana ndani yake. Yeye hufa, lakini majirani zake, ambao kwa kawaida ni ndugu zake wa uzao mmoja, husalimika.

4.0 Mlinzi Asiyebagua

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Walinzi hawa hutambua ugeni, hawatambui nia. Kimeng'enya kinachokata DNA ya faji muuaji ndicho kitakachokata plasmidi yenye jeni ambayo ingemwokoa bakteria dhidi ya dawa. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Bakteria mwenye ulinzi madhubuti humfukuza hata mgeni ambaye angemponya.

Mwaka wa 2008 Luciano Marraffini na Erik Sontheimer walilidhihirisha jambo hili katika maabara nchini Marekani. Walimchunguza Staphylococcus epidermidis, bakteria aishiye katika ngozi ya binadamu. Katika kumbukumbu yake ya CRISPR mlikuwamo kipande kinachofanana na sehemu ya plasmidi za kundi la bakteria hao, zikiwemo plasmidi zinazobeba usugu. Plasmidi yenye sehemu hiyo ilipojaribu kuingia kwa njia ya kugusana, ilizuiwa. Sehemu hiyo ilipobadilishwa ili isifanane tena na kumbukumbu, plasmidi iliingia. Kwa hivyo kinga dhidi ya virusi ilikuwa vilevile kizuizi cha kuenea kwa usugu.

Mwaka wa 2010 Kelli Palmer na Michael Gilmore waliliangalia suala hilo kutoka upande wa pili. Walimchunguza Enterococcus faecalis, bakteria wa utumbo ambaye huleta maambukizi katika wodi za hospitali. Waligundua kwamba aina zilizo sugu dhidi ya dawa nyingi zilikuwa na mwelekeo wa kukosa mfumo kamili wa CRISPR. Maelezo yanayokubalika ni haya: mahali palipojaa dawa, bakteria mwenye mlinzi mkali hukosa jeni ya kumwokoa, naye hufa, asiye na mlinzi huipokea, naye huishi na kuzaana. Binadamu anapotumia antibiotiki kiholela hawachagui walio sugu tu. Huenda pia anawapendelea wale walio tayari kupokea usugu zaidi kesho.

Hata hivyo, ingekuwa ni kurahisisha mno kusema kwamba kinga daima hupunguza uhamishaji wa jeni. Kumbukumbu ya CRISPR huzuia tu wageni waliokwisha kuonekana. Faji na plasmidi nazo zina protini za kuwahadaa walinzi. Aidha, jeni za kinga zenyewe husafiri kwa njia ya mlalo. Plasmidi inaweza kumletea mwenyeji mlinzi mpya, kama mgeni anayekuja na askari wake. Mfano wa kipindupindu unazionyesha pande zote za jambo hili kwa pamoja.

5.0 Kipindupindu: Kisa cha Afrika Mashariki

Mlipuko wa saba wa kipindupindu duniani ulianza Indonesia mwaka wa 1961. Uliingia Afrika mwaka wa 1970 na kufika Kenya mwaka wa 1971. Tangu hapo ugonjwa huu umekuwa ukirudi nchini mara kwa mara, katika kanda ya Ziwa Viktoria, Pwani, Kaskazini na katika miji mikubwa. Mlipuko uliotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka wa 2023 na kuambukiza zaidi ya watu 10,000.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ni zao la uhamishaji wa jeni. Mwaka wa 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu inayosababisha kuhara kwake ziliingizwa na faji. Kwa maneno mengine, bila mgeni huyo bakteria huyu asingekuwa muuaji tunayemfahamu. Mwaka wa 2005 ikabainika kwamba bakteria huyu anapokaa majini juu ya magamba ya viumbe kama kamba na kaa, kemikali ya magamba hayo humwamsha aanze kuokota DNA iliyo karibu naye. Maji anamoishi ni makao na pia ni soko la jeni.

Kutokana na ukarimu huo, mtu angetarajia kwamba bakteria wa mlipuko wa saba angejaa plasmidi. Ajabu ni kwamba kwa kawaida hana plasmidi za kudumu. Sababu ilielezwa mwaka wa 2022 na Melanie Blokesch na wenzake nchini Uswisi. Waligundua mifumo miwili ya kinga, waliyoiita DdmABC na DdmDE. Mfumo wa DdmDE huziharibu plasmidi, hasa zilizo ndogo. Mfumo wa DdmABC humfanya bakteria aliyebeba plasmidi adhoofike au afe, hivyo kizazi baada ya kizazi wasio nayo huwapita walio nayo. DdmABC huzuia pia faji. Jeni za mifumo hii zimo katika visiwa vya kromosomu ambavyo vyenyewe viliingia kwa njia ya mlalo. Wageni wa jana ndio walinzi wa leo wanaowafukuza wageni wapya.

Je, bakteria huyu aliupataje usugu, ikiwa plasmidi zinafukuzwa? Jibu mojawapo ni kipande cha DNA kiitwacho SXT, ambacho pia kimepatikana katika bakteria wa kipindupindu nchini Kenya. SXT hupita kwa kugusana kama plasmidi, lakini kikishaingia hujipachika ndani ya kromosomu na kuwa sehemu ya nyumba. Hubeba jeni za usugu dhidi ya dawa kama vile streptomaisini na mseto wa trimethoprimu na sulfamethoksazoli, ambao wengi huujua kwa jina la Septrin. Mwaka wa 2021 kundi la Kimberley Seed huko California lilionyesha kwamba vipande vya aina hii hubeba pia mifumo ya kinga dhidi ya faji. Usugu dhidi ya dawa na kinga dhidi ya virusi husafiri katika mzigo mmoja. Kwa hivyo hata mahali pasipo na dawa, faji wanaweza kuwafanya bakteria wenye mzigo huo wanusurike, na usugu ukaenea pasipo kidonge hata kimoja kumezwa.

Sehemu ya mwisho ya kisa hiki ndiyo inayotia wasiwasi zaidi. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba bakteria aliyesababisha mlipuko mkubwa wa Yemeni wa 2016 na 2017 alitoka Asia Kusini na alikuwa na uhusiano wa karibu na waliopatikana Afrika Mashariki mwaka mmoja au miwili kabla. Wakati huo alikuwa bado anashindwa na dawa nyingi. Lakini katika miaka ya 2018 na 2019, huko Yemeni, wakapatikana bakteria wa ukoo huohuo waliobeba plasmidi kubwa yenye jeni nyingi za usugu. Mwezi wa Desemba 2024 watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris waliripoti kwamba bakteria hao, walio sugu dhidi ya dawa kumi, walionekana Lebanoni mwaka wa 2022, Kenya mwaka wa 2023, kisha Tanzania na Visiwa vya Komoro, pamoja na Mayotte, mwaka wa 2024. Mayotte peke yake ilikuwa na wagonjwa 221 kati ya Machi na Julai mwaka huo.

Plasmidi hiyo imedumu katika ukoo unaosifika kwa kuzifukuza plasmidi. Funzo ni kwamba kinga ya bakteria si ukuta. Ni gharama anayotozwa abebaye plasmidi, na gharama hulipika pale faida inapoizidi. Palipo na dawa nyingi, faida ya kubeba usugu ni uhai wenyewe.

Miongoni mwa dawa hizo kumi zimo azithromaisini na siprofloksasini, mbili kati ya tatu zinazopendekezwa kwa kipindupindu. Iliyosalia ni doksisaiklini. Ni kweli kwamba tiba ya msingi ya ugonjwa huu ni kurudisha maji na chumvi mwilini, na mgonjwa anayepewa maji hayo mapema kwa kawaida hupona. Hata hivyo, kwa mgonjwa mahututi antibiotiki hupunguza muda na wingi wa kuhara. Jeni moja zaidi ikiingia katika kikapu kile, msaada huo wa dawa za kumeza utakuwa umefungwa.

6.0 Usugu ni wa Nani? Suala la Istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya maabara pekee. Ukweli ni kwamba sehemu ya tatizo imo katika sarufi. Tazama kirai "usugu wa dawa." Kihusishi cha a-unganifu katika Kiswahili kina maana nyingi. "Dawa ya mtoto" ni dawa anayopewa mtoto, ilhali "dawa ya minyoo" ni dawa inayowaua minyoo. Vivyo hivyo, "kinga ya mwili" ni kinga ambayo mwili unayo, lakini "kinga ya surua" ni kinga dhidi ya surua. Hata "kinga ya bakteria," kama ilivyo katika anwani ya makala haya, inaweza kufasiriwa na msomaji kuwa kinga dhidi ya bakteria au kinga waliyo nayo bakteria.

Kwa msingi huo, asikiaye "usugu wa dawa" anaweza kuelewa kwamba dawa ndiyo sugu, au kwamba mgonjwa ndiye aliyekuwa sugu. Fasiri hii ya pili ndiyo izaayo kauli "mwili umezoea dawa," nayo ina matokeo. Anayeamini kwamba tatizo limo mwilini mwake ataona ni sawa kumpa jirani vidonge alivyobakiza, maana mwili wa jirani haujavizoea. Atadhani pia kwamba usugu wake ni shauri lake mwenyewe, hali bakteria aliyemo mwilini mwake anaweza kuupitisha usugu huo kwa bakteria wengine kisimani, mtoni na nyumbani kwa jirani. Kirai "usugu wa bakteria dhidi ya dawa" ni kirefu kidogo, lakini kinamtaja mwenye usugu na kinachopingwa.

Suala la pili ni kitenzi. "Kurithi" humfanya msikilizaji afikirie mzazi na mtoto. "Kukopa" hudai kurudisha. "Kuhamisha," kitenzi kilichotumika hapa kwa kuwa kimezoeleka, humaanisha kwamba kitu kimetoka pale na kuja hapa, ilhali bakteria anayetoa plasmidi kwa kawaida hubaki na nakala yake. Kitenzi kinachokaribia zaidi ukweli huenda ni "kuambukiza." Aambukizaye ugonjwa hapungukiwi na ugonjwa, atoaye jeni hapungukiwi na jeni. Kusema kwamba bakteria huambukizana usugu ni kusema jambo sahihi kisayansi kwa neno ambalo mtu wa Lugulu, wa Kilifi au wa Kigoma analijua tangu utotoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba bakteria hupokezana jeni bila kungoja uzazi. Kwamba wana kinga inayowachuja wageni. Na kwamba kinga hiyo huweza kuzuia usugu, kukosekana na hivyo kuufungulia mlango, au kusafiri pamoja nao. Kisa cha kipindupindu kimeonyesha hali hizi zote, kuanzia sumu iliyoletwa na faji hadi plasmidi iliyovuka bahari kati ya Yemeni na pwani yetu.

Binadamu hana mamlaka juu ya walinzi wa bakteria. Anachoweza ni kupunguza faida ya usugu kwa kutumia antibiotiki pale tu zinapohitajika, na kupunguza mikutano ya bakteria kwa maji safi na vyoo bora. Kazi ya kwanza kati ya hizi hutegemea maelezo, na maelezo hutegemea lugha. Wanaisimu na walimu wa Kiswahili hawatibu, lakini wanaweza kumpa mhudumu wa afya neno lisilompotosha mgonjwa. Kwa mama aliyesimama mbele ya duka la dawa akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, tofauti kati ya "mwili umezoea dawa" na "vijidudu vimeambukizana usugu" ndiyo inayoweza kumfanya anunue vidonge vya kubahatisha, au aanze kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari na kumkimbiza hospitalini.